Gati lipi kwa reli yako ya mfano: Kisumu, Kigoma au Tanga?

Anayetaka kuweka bandari kwenye meza yake ya treni za mfano kwa kawaida huanzia dukani. Huona seti nzuri ya ghala la Kijerumani au ya kivuko cha mabehewa cha Kimarekani, akaiagiza, kisha akaanza kutafuta pa kuiweka. Mimi nashauri uanzie upande mwingine: amua kwanza mzigo unahama vipi kutoka kwenye behewa hadi kwenye chombo. Ukishalijua hilo, utajua pia urefu wa meza, sura ya gati, vitu vya kununua na hata rangi ya maji.

Kwenye reli zetu za upana wa mita moja mzigo umekuwa ukihama kwa njia tatu tofauti kabisa, na kila njia ina mji wake. Kisumu, behewa zima linaingia ndani ya meli. Kigoma, behewa linasimama ubavuni mwa meli na kreni inafanya kazi. Tanga, kwa miongo mingi, meli kubwa haikufika ukutani: ilitia nanga nje, matishari yakabeba shehena kwenda na kurudi. Nazilinganisha hapa nikimfikiria mtu mwenye chumba kimoja kidogo, au upande mmoja wa chumba, na mkono wa kawaida wa kukata na kugundisha.

Kisumu: behewa linapanda meli

Reli ya Uganda ilifika hapa, ukingoni mwa Ziwa Victoria, Desemba 1901, wakati huo mahali pakiitwa Port Florence. Lakini kipindi kinachompa mjenzi kazi tamu zaidi kinaanza miaka ya 1960, zilipokuja meli mbili za kubebea mabehewa, Umoja na Uhuru, zikihudumia Kisumu, Mwanza, Jinja na Port Bell. Uhuru ilikaa muda mrefu bila kazi, ikarudi majini mwaka 2019. Kwa hiyo unaweza kujenga enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, au ukajenga ya leo, bila kubadilisha gati.

Kama starehe yako ni kusukuma na kuvuta mabehewa, usitafute zaidi. Ndani ya meli reli ziko sambamba, na uzito lazima ugawanywe kulia na kushoto ili chombo kisilale upande mmoja. Hilo peke yake linageuza kazi ya kawaida ya yadi kuwa fumbo la jioni nzima. Bandarini New York, kwenye matishari ya kubebea mabehewa, walikuwa wakiweka mabehewa bapa matupu kati ya kichwa cha treni na mzigo, ili kichwa kizito kisikanyage daraja. Ukiichukua kanuni hiyo kwenye meza yako, kila safari ya melini inahitaji hesabu.

Jengo la kujengwa ni moja tu, nalo ndilo gumu: daraja la chuma linalounganisha nchi kavu na meli. Upande wa nchi lina bawaba, upande wa maji linapanda na kushuka. Ziwa halina kujaa na kupwa kwa bahari, lakini meli huzama kidogo kila behewa linapoingia, na ziwa lenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 maji yakaipita rekodi ya 1964. Mita 2 kwenye skeli ya HO (1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87) ni milimita 23. Daraja lisiloweza kuinama kiasi hicho halitadanganya jicho, hata ukilipaka rangi vizuri namna gani.

Wengi huikwepa Kisumu kwa sababu ya urefu. Meli ya mita 90 hivi inakula zaidi ya mita moja ya meza kwa HO kabla hujaweka hata pointi moja ya kubadilishia njia. Lakini fikiria hivi: kila meza ya treni inahitaji mahali pa siri ambapo mabehewa "hutoka duniani" na kurudi. Kisumu, mahali hapo ni meli. Ijenge kama trei inayobebeka na mabehewa yake ndani. Ikishajaa iondoe, weka nyingine, na Mwanza imefika. Yadi ya siri nyuma ya pazia haihitajiki tena, kwa hiyo ile mita moja hukuipoteza.

Kigoma: meli ubavuni mwa reli

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mapema 1914. Meli ya hapa haina haja ya kutambulishwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda treni na kuunganishwa upya Kigoma. Ikaingia majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaopolewa 1924, na kuanzia 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Kwa mtu anayependa reli na maji pamoja, sijui chombo kingine kinachodai zaidi haki ya kujengwa: kilifika ziwani kwa treni.

Mandhari yake ni tajiri kwa watu. Abiria wenye vifurushi, magunia ya dagaa, madumu ya mawese, shehena ya Bujumbura, Kalemie na Mpulungu. Ukiwa na subira ya kupaka rangi vijitu vya sentimita 2, Kigoma itakulipa kuliko miji yote mitatu.

Ila kuna tatizo la jicho ambalo picha za dukani hazikuonyeshi. Meli inafunga sambamba na gati. Mtazamaji akisimama upande wa maji, meli inaziba treni. Akisimama upande wa nchi, anaona migongo ya maghala na meli inachungulia juu ya paa. Kisumu meli imeelekeza ncha yake kwenye gati, haizibi kitu. Tanga tishari ni fupi kwa kimo, treni inaonekana juu yake. Kigoma inabidi uchague: ama uweke meza chini, mtazamaji aangalie kutoka juu, ama uisogeze meli pembeni ya gati ili nusu ya reli ibaki wazi, ama ujenge meli inayoondoka. Mimi ningeisogeza.

Kazi ngumu ya pili ni mwili wa meli. Kwa bahati nzuri unaijenga kuanzia usawa wa maji kwenda juu tu: kata umbo la sitaha kwenye kadibodi ngumu mara kadhaa, pandisha tabaka kwa tabaka, piga msasa mbele na nyuma, kisha vika manila nyembamba.

Msomaji wa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kule Kongo, ana faida ndogo hapa. Reli ya Kalemie ina upana wa milimita 1067, na reli za mfano za milimita 12 kwa HO zinaikaribia hiyo zaidi kuliko zinavyoikaribia ya Kigoma. Gati la Kalemie litakubali kila ninachosema kuhusu Kigoma.

Tanga: matishari

Njia ya Tanga ndiyo kongwe kuliko zote zilizojengwa na Wajerumani Afrika Mashariki. Kazi ilianza 1893. Mkonge wa Usambara na Muheza uliteremka hapa kwa marobota, ukaingia matisharini, ukavutwa na tagi (boti ya kuvutia vyombo) hadi kwenye meli iliyotia nanga nje. Siku hizi bandari imechimbwa kina, kwa hiyo nazungumzia Tanga ya kabla ya hapo.

Uzuri wake kwa mjenzi ni kwamba meli kubwa haimo mezani kabisa. Tishari la mita 30 kwa HO ni sentimita 34. Unaweka mawili, tagi moja, na meli yenyewe unaichora kwenye pazia la nyuma, au unaweka modeli ndogo ya meli ya skeli ya 1:700 mbali kule karibu na Kisiwa cha Toten. Jicho litaamini kuwa iko mbali. Gati linakuwa fupi, chini kwa kimo, na maghala ni ya bati.

Ugumu wa Tanga ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa pwani hufika kama mita 3 na nusu. Kwa HO hizo ni sentimita 4 za ukuta ambazo lazima uzipake rangi kwa ukweli: chini kabisa kijani cheusi chenye unyevu, juu yake ukanda wa vigamba vya kijivu na vyeupe, kisha zege kavu lenye michirizi ya kutu kutoka kwenye pete za kufungia kamba. Ukilipaka gati la Tanga rangi moja ya zege kutoka juu hadi chini, umejenga gati la ziwani. Nimewahi kuona modeli nzuri sana ya pwani iliyoharibika kwa sababu hiyo tu.

Hapo kuna uamuzi mwingine. Ukijenga maji yamejaa, nguzo nyingi zinafichwa na kazi inapungua. Ukijenga yamekupwa, lazima umalizie kila nguzo hadi chini, lakini unapata matope, mikoko na mashua iliyolala ubavu, na eneo la maji linabaki dogo. Maji ya katikati ndiyo ninayoyapenda: ukanda wa vigamba unaonekana, na tishari haliko chini mno kiasi cha kufichwa na ukuta.

Vipimo kabla ya kununua

| Kitu halisi | HO (1:87) | TT (1:120) | N (1:160) |
|---|---|---|---|
| Reli ya mita 1 ingekuwa | 11.5 mm | 8.3 mm | 6.3 mm |
| Reli inayouzwa tayari | 12 mm | 9 mm | 6.5 mm |
| Meli ya mita 90 | sm 103 | sm 75 | sm 56 |
| Liemba, mita 71 hivi | sm 82 | sm 59 | sm 44 |
| Tishari la mita 30 | sm 34 | sm 25 | sm 19 |
| Bamvua ya mita 3.5 | 40 mm | 29 mm | 22 mm |

Safu ya katikati ndiyo ninayokuomba uiangalie mara mbili. Reli ya milimita 9 ni ileile ya N, inayopatikana kila mahali, na vyasi vidogo vyenye injini vinavyotembea juu yake, kwa mfano vya Kato, hupatikana kwa urahisi kuliko kitu chochote cha upana wa mita. Unachukua chasi, unaivika bodi uliyoijenga mwenyewe kwa 1:120. Kasoro yake ni mataruma: ya reli ya N ni madogo na yamesongamana mno kwa skeli hiyo. Lakini wewe unajenga gati. Gatini reli mara nyingi imezama kwenye zege, taruma halionekani, na kasoro imefunikwa kabla hujaanza kuitafutia dawa. Kwa meza ya porini nisingeipendekeza TT kwa moyo mweupe hivi. Kwa bandari naipendekeza bila kusita.

HO ya milimita 12 ina vichwa vizuri vya Bemo na reli za Tillig, na kila kitu kinaonekana vizuri kwa macho yaliyochoka. Vichwa hivyo vya Bemo, hata hivyo, vimeigwa zaidi reli za Uswisi, na bado utajenga bodi. N ya milimita 6.5 inaokoa nafasi lakini vyasi ni vichache na vidole vinateseka, niiweke pembeni.

Halafu kuna hamu ya Garratt, kile kichwa kirefu cha mvuke chenye viungo. Kila mtu anataka Garratt ya kundi la 59 mezani, na namwelewa. Zilikuwa mashine za kuvuta treni nzito kati ya Mombasa na Nairobi, na hazina kazi kwenye reli za gatini zenye kona kali. Kwa bandari jenga kichwa kidogo cha yadi. Ukitaka vipimo vya kweli vya mabehewa na vichwa, Makumbusho ya Reli ya Nairobi yana vitu halisi vya kusimama navyo ukiwa na futi ya kupimia mkononi. Bandarini, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Nunua kinachotembea, jenga kinachosimama

Sasa vifaa. Kuna njia nne: seti ya kiwandani, mbao, kadibodi, na uchapaji wa 3D. Watu huzilinganisha kana kwamba lazima uchague moja. Gati zuri linatumia zote nne, kila moja mahali pake.

Seti za plastiki ni sahihi na za haraka. Walthers ya Marekani imewahi kutoa kwa HO kivuko cha mabehewa pamoja na daraja lake. Kwa Kisumu, mihimili ya daraja hilo ni ya kufaa sana, ila sitaha ni ya reli ya milimita 16.5, hivyo utaing'oa na kutandika upya ya 12. Faller ina kreni na maghala ya bandari za Ujerumani. Artitec ya Uholanzi ina kuta za gati na vyombo vya majini. Lakini angalia maghala hayo: matofali mekundu, paa kali la kumwaga theluji, madirisha madogo. Ghala la kwetu lina paa la mteremko wa wastani lililotokeza nje ili kuzuia jua na mvua, milango ya kuteleza, na uwazi wa kupitisha hewa chini ya paa. Ukiibadilisha seti ya Hamburg hadi ifanane na Tanga, utakuwa umetupa zaidi ya nusu ya ulichonunua. Kwa hiyo kwenye maghala seti inashindwa waziwazi. Kwenye kreni na daraja inashinda, kwa sababu vyuma vyembamba vyenye kimiani ni adhabu kuvikata kwa mkono. Kabla ya kununua kreni, tazama picha za kipindi chako. Nyingi za Ulaya ni ndefu kupita kiasi kwa bandari zetu za ziwani.

Mbao ndiyo malkia wa nguzo. Kijiti cha mshikaki cha mianzi chenye unene wa milimita 3 ni nguzo ya sentimita 26 kwa HO. Kijiti cha meno cha milimita 2 ni ya sentimita 24 kwa TT. Vijiti vya aiskrimu watu huvitumia kama mbao za sitaha, na vinaonekana vibaya: milimita 2 kwa HO ni ubao wa unene wa sentimita 17. Vifanye mihimili. Kwa sitaha nenda kwa fundi seremala ukaombe mabaki ya vinia. Ya milimita 0.6 inakupa ubao wa sentimita 5, na hutupwa bure. Kuifanya ionekane imepigwa jua na chumvi, ichovye kwenye chai kali, iache ikauke, kisha pitisha siki ambamo umeloweka nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria. Chagua zile zinazoshika kutu. Zisizoshika kutu hazifanyi chochote. Ubao unageuka kijivu mbele ya macho yako, na kila ubao kwa kiwango chake, jambo ambalo rangi ya chupa haiwezi.

Kadibodi na manila ni kwa kuta na maghala. Kwa nyumba ya kale ya matumbawe na chokaa, paka manila mchanganyiko mwepesi wa jipsam, maji na gundi nyeupe, upige kwa brashi iliyokaribia kukauka, kisha msasa kidogo. Ukipenda karatasi zilizochorwa tayari, Scalescenes huuza faili unazochapa mwenyewe mara nyingi upendavyo, ingawa sura zake ni za Uingereza. Adui wa kadibodi pwani ni unyevu. Ipake vanishi ya spiriti pande zote mbili kabla ya kujenga. Ukipaka upande mmoja tu ukuta utapinda hata kama pembe zake ziko sawa. Kisumu na Kigoma tatizo lipo, ila si kwa ukali wa Tanga.

Bati linastahili muda wake, kwa kuwa ndilo linaloipa bandari yetu sura. Evergreen wanauza plastiki yenye mikunjo, nzuri na safi, na usafi huo ndio shida yake. Foili nene ya kufungia chakula inafanya kazi bora zaidi. Mikunjo ya bati la kawaida iko umbali wa milimita 76 hivi. Kwa HO hiyo ni milimita 0.87. Bolti ndefu ya M5 ina nyuzi za milimita 0.8, M4 ina 0.7 inayofaa TT, na M3 ina 0.5 ya N. Weka foili juu ya soli ya kandambili kuukuu, kandamiza bolti na uiviringishe kwenda mbele mara moja tu. Usirudi nyuma, maana nyuzi zitapishana. Mistari itatoka imeinama kidogo kwa sababu nyuzi za bolti zimezunguka. Kwa hiyo kata kipande kwa kufuata mistari, si ukingo wa foili. Bati la mita 3 ni milimita 34 kwa HO. Kata moja moja, bandika kuanzia chini ya paa kwenda juu, kila moja likilalia jirani yake kwa mkunjo mmoja, na acha moja au mawili yapinde pembe. Kutu anza nayo kwenye maungio na kwenye misumari, sio katikati ya bati. Ghala la bati hamsini linachukua jioni kadhaa na hakuna seti inayolikaribia.

Uchapaji wa 3D ni wa vitu vidogo vinavyojirudia: vigingi vya chuma vya kufungia kamba, pete, taa, fremu za madirisha. Mashine ya uzi inaacha mistari ya tabaka inayoonekana. Ya rezini inatoa kazi safi, lakini inataka glovu, hewa ya kutosha, na kuiva vizuri kwenye mwanga, na vipande vyembamba huwa vya kuvunjika. Ngazi ya gati iliyochapwa itavunjwa na shati la mtu wa kwanza atakayeinama juu ya meza. Ngazi tengeneza kwa waya. Na zile taili za gari zinazoning'inizwa ukutani kuzuia meli isikwaruze, magurudumu ya vigari vya watoto vilivyoharibika yanatosha.

Maji

Rezini ya epoksi imetangazwa hadi watu wanaamini kwamba bila hiyo hakuna maji. Ina kazi yake: pale unapotaka sakafu ya maji ionekane, yaani ufuko wa kina kifupi Tanga, mchanga na mawe chini. Ni ghali, inavuja kwenye tundu ambalo hukuliona, inapanda kwenye nguzo na kuacha ukingo unaong'aa, na joto la pwani linaiharakisha kuganda, hivyo changanya kidogo kidogo na umwage tabaka nyembamba.

Gatini, hata hivyo, hakuna anayeona chini. Maji ya bandari ni ya kina na yamefumba. Plaiwudi laini iliyopakwa rangi, ikafuatiwa na tabaka kadhaa za jeli ya akriliki inayong'aa, iliyopigwa kwa brashi hadi iwe na vijiwimbi, inashinda rezini kwa bei, kwa uzito na kwa ukweli. Elekeza vijiwimbi vyote upande mmoja. Ukijenga kipindi cha kusi, viende na kusi.

Rangi ndiyo inayotofautisha miji. Kigoma ni buluu nzito. Ziwa Tanganyika ni safi na refu kwenda chini, hivyo ongeza weusi kwenye buluu kila unapotoka ukutani. Tanga ni kijani cha chupa kinachoelekea kijivu karibu na gati. Kisumu, Ghuba ya Winam ni kahawia yenye kijani, na hapo unayo zawadi: magugu maji. Yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika ghuba vibaya katika muongo uliofuata. Kwa wavuvi na manahodha ni balaa, na modeli ya kweli ya Kisumu ya miaka hiyo haiwezi kuyaacha. Saga sponji ya kuoshea vyombo, ipake kijani cha aina mbili, tandaza kwenye gundi kwa mafungu yaliyosukumwa na upepo kwenye kona za gati, acha mfereji wa maji wazi nyuma ya meli, weka nukta chache za zambarau. Ukijenga miaka ya 1960, usiyaweke hata jani moja.

Basi uchague lipi?

Mwenye ukuta wa mita 2 na hajawahi kujenga chombo cha majini: Tanga, kwa TT, maji ya katikati, matishari mawili. Unajifunza nguzo, bati na ukanda wa maji, na hakuna meli ya kukukatisha tamaa. Ndilo chaguo langu kwa wengi.

Mwenye mita 3 au zaidi na anayetaka treni zifanye kazi kila jioni: Kisumu. Anza na daraja kabla ya kitu kingine chochote, lijaribu na mabehewa mazito na mepesi hadi lisiangushe hata moja, ndipo ujenge meli kwa vipimo vyake. Ukianza na meli utalilazimisha daraja lifuate makosa yake. Na kama Mwanza iko karibu nawe kuliko Kisumu, jenga Mwanza; meli ni zilezile.

Kigoma ni kwa anayependa kujenga kuliko kuendesha, au kwa mwenye Liemba moyoni tayari. Treni itafika, itashusha watu, itarudi. Hakuna fumbo la mabehewa. Utatumia muda wako kwenye sitaha, mitumbwi na umati wa gatini.

Kama una fedha ya kuagiza kitu kimoja tu kutoka nje, agiza chasi nzuri yenye injini pamoja na magurudumu ya mabehewa. Treni inayokwama kila inapofika gatini itakufanya uiache meza, hata kama ghala lina mabati hamsini yenye kutu ya kupendeza. Nguzo, kuta, paa na maji vinapatikana kwa seremala, dukani kwa vifaa vya ujenzi na jikoni, na unaweza kuanza wiki hii na kipande cha gati cha sentimita 20 tu, kilichopimwa kutoka kwenye picha moja ya mji uliouchagua.